Vuai Mapande na Mandari ya Sultani

Hapo zamani, wakati lango moja lilipokuwa likitosha kuugawa ulimwengu pande mbili, palikuwa na mji ulioitwa Shangavu, na mtawala wake alikuwa Sultani Darweshi, mtu mpenda raha na mwepesi wa kuchukizwa. Basi ikawa mwaka mmoja mgeni akaja kutoka mbali kuutazama mji kwa siku mbili tatu. Akatazama, akala, akatazama tena, akaoa, na hakuna aliyetambua kuwa hajaondoka mpaka alipoonekana sokoni akiwafokea wageni wenzake kwamba wanawamalizia wenyeji samaki. Sultani alipopata habari alighadhibika, akampeleka mpiga mbiu kuitangaza amri mpya: kila avukaye lango kwa matembezi aonyeshe kwanza mambo matatu, nayo ni mwenyeji wa kumpokea huko aendako, chakula cha kumtosha, na kitu alichokiacha kwao ambacho hana budi kukirudia.

Amri hiyo ikamkuta Vuai Mapande njiani. Vuai alikuwa mtu wa shamba, fukara ambaye hata wezi walimwamkia kwa huruma. Mkewe alikwisha kufariki, na binti yao wa pekee, Zuwena, alilelewa Shangavu na shangazi yake. Sasa Zuwena alikuwa akiolewa Alhamisi ile, alasiri, na mshona kofia aitwaye Ngwali, naye alikuwa ameapa kwamba haozwi ila kwa mkono wa baba yake mwenyewe. Wazee wa Ngwali walikwisha kuahirisha mara moja kwa ajili ya mvua, wakatuma neno: ni Alhamisi, au watabisha hodi nyumba nyingine.

Vuai akafika langoni Jumanne, kavaa kanzu yake moja, akamkuta bawabu Jecha, mtu mnyoofu aliyeipenda amri kuliko wali wa nazi.

"Mwenyeji unaye?" akauliza Jecha.

"Ninaye. Dada yangu, tumbo moja."

"Chakula?"

"Ninakwenda harusini, ndugu yangu. Nikifa humo, sitakufa kwa njaa."

"Na kwenu umeacha nini?"

"Nimeacha kuku," akasema Vuai.

"Kuku."

"Anaatamia."

Jecha akashusha pumzi. "Mzee wangu, hakuna mtu aiachaye Shangavu kwa ajili ya kuku."

"Humjui kuku mwenyewe."

Sultani alikuwa juu ya roshani ya lango, akila zabibu, akayasikia maneno yale, akainama kutazama. "Ewe mzee, huna shamba?"

"Ninalo la jirani, Maulana. Yeye hulimiliki, mimi hulilima."

"Na nyumba?"

"Kuta tatu. Wa nne umechukuliwa na mvua."

"Basi huna cha kukurudisha. Ukiingia utakaa."

"Nitakaa mpaka Ijumaa asubuhi, Maulana. Namwozesha mwanangu, kisha naondoka."

"Hata yule mla samaki alisema ataondoka," akajibu Sultani. Moyo wake ulimlegea kidogo, lakini watu walikwisha kukusanyika, naye hakupenda kuonekana akilegea mbele ya watu. Basi akasimama, akapaza sauti: "Amri hii haitazami uso wa mtu. Hata mimi, siku nitakapolivuka lango hili kwa matembezi, nitaulizwa kama alivyoulizwa mzee huyu."

Watu wakausifu uadilifu wake, naye akaridhika, akaenda kulala. Vuai akabaki nje, mgongo ukutani.

Hata asubuhi ya Alhamisi akasikia ngoma ndani ya mji, akavunjika moyo, maana alidhani ni za harusi. Akawaza kwamba sasa Zuwena anapakwa liwa, na kila mlango ukigongwa anainua uso. Lakini ngoma zikazidi kusogea mpaka zikawa nyuma ya lango lenyewe, ndipo akatambua kuwa si za harusi. Zilikuwa ngoma za mandari.

Kwani kila mwaka, masika yakiisha, Sultani Darweshi alikuwa na desturi ya kutoka nje ya mji kwenda kula na kupumzika katika milimau. Naye hakuweza kuvumilia kukosa kitu hata nusu siku, hivyo alichukua vyote. Mbele ilitangulia siwa, baragumu kuu ya dola, ikafuata ngoma kuu juu ya punda, kisha hazina juu ya ngamia, kwa kuwa hakumwamini mtu wa kubaki nayo. Nyuma wakafuata wakeze, wapishi, kasuku, na watu sita waliobeba mlango wa chumba chake cha kulala, kwa sababu hapati usingizi asipousikia unavyolia ukifungwa. Yeye mwenyewe alikalia kiti cha enzi, nacho kikabebwa.

Lango likafunguliwa, siwa, ngoma na hazina vikapita, na kiti cha enzi kilipofika Vuai akasimama katikati ya njia. "Ndugu yangu Jecha," akasema kwa upole, "mbona hujamuuliza?"

"Nani?"

"Huyo anayevuka."

Jecha akatoka jasho. Sultani akasema, "Mwondoeni," lakini bibi mmoja aliyekuwa darini kwake akaita chini, "Mwondoeni, lakini Jumanne sote tulisikia," na vicheko vikaanza kupita kutoka dari moja hata nyingine.

Sultani akajikaza. "Niulize, Jecha."

"Nisamehe, Maulana. Mwenyeji huko uendako unaye?"

Sultani akatazama nje. Palikuwa na milimau na ndege.

"Anaye," akasema Vuai. "Nimelala nje kwa amri yake tangu juzi, na hakuna mwenyeji wa huku anayenipita. Karibu, Maulana. Jisikie uko kwako."

"Chakula?" akauliza Jecha, na masufuria ya biriani yakajibu yenyewe kwa harufu.

"Na... na kwako umeacha nini?"

Hapo Sultani akacheka kwa dharau. "Mimi? Nimeacha siwa ya baba zangu."

"Imekwisha kupita, Maulana," akasema Jecha. "Inapigwa kule."

"Hazina."

"Iko juu ya wale ngamia."

"Kiti cha enzi."

"Umekikalia."

Sultani akageuka nyuma alitazame kasri lake, akauona mlango wake ukija juu ya vichwa vya watu sita, na kule kasrini pameachama tundu tupu.

"Maulana," akasema Vuai, "mimi angalau nimeacha kuku."

Mji mzima ukaangua kicheko. Kasuku naye akaangua kicheko. Biriani likaanza kupoa, na Sultani, ambaye hakula biriani lililopoa tangu kuzaliwa kwake, akainama akamnong'oneza, "Basi tufanyeje, mzee?"

"Niweke mimi ndani, Maulana. Utakapoketi chini ya milimau na kukumbuka kuwa Vuai Mapande anazurura mjini mwako, limau halitakuwa na ladha, utarudi kabla ya jua kuzama. Hicho ndicho kitu chako cha kurudia. Nami nakuachia mahali pangu pa nje, penye kivuli kizuri asubuhi. Sipendi mtu apazoee, kwa hiyo nitatoka kesho kupatwaa. Kila mmoja wetu ni dhamana ya mwenzake."

Sultani akabana midomo asicheke, kicheko kikamtokea puani, kisha kikamshinda kabisa hata wachukuzi wa kiti wakayumba. "Jecha," akasema, akijifuta macho, "mpishe huyu, nami unipishe."

Basi wakapishana langoni, Sultani akitoka na Vuai akiingia, wakaamkiana kama majirani.

Alasiri ikawadia, na nyumba ya shangazi ikajaa. Zuwena, ndani ya ushungi wake, aliisikia sauti ya baba yake uani, akalia mpaka wanja ukamwagika, akapakwa mwingine. Kadhi akaketi, Ngwali akaketi, na Vuai akaushika mkono wa Ngwali ili atamke maneno ya kuozesha. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akakifunga, akakifungua tena.

"Sema, mzee," akahimiza Kadhi. "Nimekuozesha."

Vuai akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimshuka ndevuni.

Mlangoni pakasikika kicheko kikubwa. Alikuwa Sultani, amekwisha kurudi, punje ya wali ingali sharubuni. "Asubuhi mzee huyu alinikosesha jibu mbele ya mji mzima," akasema, "na mshona kofia amemkosesha lake bila ya kusema neno." Akaketi chini mkekani pamoja na watu, akaamuru mpiga mbiu atangaze kuwa swali la tatu limefutwa, na kwamba Vuai Mapande aingie Shangavu na kutoka apendavyo, na ukuta wake wa nne ujengwe kwa chokaa ya kasri.

Kadhi akamtamkisha Vuai neno baada ya neno, kama mtoto anayefundishwa chuoni, mpaka yakatimia yote. Vigelegele vikapaa, halua ikapitishwa, wageni wakainuka, na Vuai alikuwa bado kaushika mkono ule, hata Ngwali akamwinamia, akamnong'oneza kwa adabu, "Baba, sasa waweza kuniachia."