Kivuli cha Mzee Dubu

Hapo zamani za kale, wanangu, kaskazini kabisa, ambako jua likiaga hukaa miezi lisionekane, wanyama walikuwa na ghala moja. Kabla giza halijaingia, kila nyumba ilipeleka humo samaki wakavu. Na desturi yao ilikuwa hii: ghala halifunguliwi mpaka mzee wa kijiji akione kivuli chake juu ya theluji. Macho ya vijana hayakuaminiwa, maana kuna mwaka walidanganywa na wekundu wa mawingu, wakala akiba yote, na jua bado.

Mzee wa mwaka ule alikuwa Dubu. Ufunguo wa ghala alilala nao.

Jua likarudi. Lilichungulia adhuhuri kidogo tu, likazama kabla uji haujachemka. Na adhuhuri ndiyo saa ambayo Dubu alijifungia ndani, akakoroma khorr, khorr. Akija kutoka, jua halipo.

"Sijakiona kivuli changu," aliwaambia. "Subirini."

Mama Panya akamwendea, akamweleza kwamba wanawe wanalala njaa na mdogo wao hasimami tena. Dubu akamjibu kuwa mvumilivu hula mbivu. Alipofungua kinywa, harufu ya samaki ikamjaa Panya puani. Mnaona ubaya wa kumkabidhi mlafi chakula cha watu? Panya akaondoka na uchungu mwingi, akapita kwa majirani.

Kesho yake adhuhuri, majirani walijificha nyuma ya ghala kama alivyowaomba. Yeye akagonga kwa Dubu: ko, ko, ko.

"Hodi, mzee. Niwie radhi kukuamsha. Ukitoka sasa hivi utamkuta dubu mweusi, mrefu kuliko wewe, kichwa chake kiko mlangoni pa ghala."

"Dubu gani huyo?"

"Hakunitajia jina."

Dubu akatoka mbio, pu, pu, pu, jua likiwa mgongoni kwake. Na kweli, mbele yake palikuwa na dubu mweusi, mrefu ajabu, amejinyoosha juu ya theluji hadi mlangoni pa ghala.

"Toka hapo, mwizi! Hao ni samaki wangu!"

Akainua mkono ampige. Yule naye akainua. Dubu akaushusha wake polepole.

Majirani wakajitokeza wote. Mbweha akamwamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, umekiona?"

Dubu akatazama huku na huku. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Nimekiona," akasema kwa sauti ndogo.

Ghala likafunguliwa. Nusu lilikuwa tupu, na Dubu akaanza kueleza habari za ukungu na kuoza. Mama Panya hakungoja amalize. Alimkamata samaki mmoja mkiani, akamburura mpaka kwake. Watoto wakagombania vipande, na yeye akawaacha wagombane, kwa furaha aliyokuwa nayo.

Basi, wanangu, shikeni hili: afichaye haki ya wenzake, uchoyo wake mwenyewe ndio utakaomtoa nje.