Kishindo cha Chumba cha Kati

Mgonga ukuta husikika vyumba viwili. Ndivyo mama mwenye hosteli alivyowajibu mlipokwenda kumshtakia jirani yenu, nanyi mmenijia mkiuliza kama amewatukana au amewashauri. Amewashauri. Maneno hayo nayajua tangu yalipozaliwa, maana nilikuwapo. Yalianza hivi.

Nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu, huko milimani Usambara, kwenye baridi ya kupasua midomo. Bweni letu la wasichana zamani lilikuwa ghala la chai. Chuo hakikujenga jingine. Kiliingiza kuta za mbao humo ndani, kikapata vyumba vidogo vya mtu mmoja mmoja, kitanda na meza basi. Mbao zote zilipigiliwa kwenye boriti moja ndefu iliyopita toka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Ukikohoa huku, jirani anakupa pole kule. Ukigonga ukuta wa kushoto, wa kulia nao unatetema.

Mimi nilikaa mwisho kabisa. Katikati alikaa Nakiete, msichana wa Kipare kutoka Usangi. Alikuwa mtaratibu, hana makuu, lakini mwaka ule moyo wake haukutulia. Alikuwa ameanguka mtihani wa hesabu, akaruhusiwa kuurudia mara moja tu. Akianguka tena, anafunga virago. Na kwao baba yake alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba binti yake ni mwalimu.

Kushoto kwake alikaa Tunsume wa Tukuyu, mcheshi, mwenye kicheko cha kujaza uwanja. Alikuwa na redio ya kaseti aliyopewa na kaka yake. Tukishamaliza chakula cha jioni, wenzake walijazana kitandani kwake wakisukana, wakisimuliana ya darasani na kuitikia nyimbo. Kulia alikaa Havijawa, binti wa Pangani, mgeni wa mwaka ule. Kwake hakukusikika kitu. Nakiete alikuwa akimsifu mbele yetu: "Laiti majirani wote wangekuwa kama Havijawa. Yupo, lakini huwezi kujua kama yupo."

Kila jioni Nakiete alikaa na hesabu zake, na kila jioni redio iliimba. Mwanzoni aligonga ukuta kwa vidole. Wakanyamaza kidogo, kisha wakasahau. Akagonga kwa ngumi. Mwishowe akawa anavua kiatu na kugonga kwa kisigino, huku akipiga ukelele, "Nyamaza! Nyamaza wewe!" Kadiri alivyogonga, ndivyo redio ilivyopanda. Ikafika hali kwamba hata jioni ambazo Tunsume alikuwa kimya, Nakiete hakuweza kusoma. Alikaa na kiatu mkononi akiisubiri redio ianze.

Siku moja alichoka. Akaenda kwa matroni wetu, Mama Shekiondo, akamkuta akianua mashuka nyuma ya jiko.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya kelele?"

Nakiete akashangaa. "Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Nimeshaletewa shauri hilo leo asubuhi. Kuna mtu anagonga ukuta kila jioni na kumwambia mwenzake anyamaze. Mwenzake huyo ameshindwa kuvumilia. Ameniomba ruhusa aende kwao, na amesema harudi."

Nakiete akapandwa na hasira. "Kwa hiyo Tunsume amekuja kusema mimi ndiye mwenye kelele?"

"Nani amemtaja Tunsume? Aliyekuja ni Havijawa."

"Havijawa? Mama, Havijawa sijamgongea hata siku moja! Mimi nagonga ukuta wa kushoto."

Mama Shekiondo aliliweka shuka begani, akamtazama. "Mwanangu, mgonga ukuta husikika vyumba viwili. Wewe unajua unamgongea nani. Yule wa upande wa pili atajuaje?"

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Havijawa alikuwa na kigugumizi. Ndiyo maana alisalimia kwa kichwa na kujibu kwa tabasamu, nasi tukamwita mpole. Alitaka kuwa mwalimu, na mwalimu hana budi kusema, kwa hiyo kila jioni alijifungia chumbani akasoma kitabu kwa sauti ya chini iliyomezwa na redio, neno kwa neno, ajizoeze kabla hajasimama mbele ya watoto. Redio ya Tunsume ilimfikia kwa mbali tu. Lakini kishindo cha Nakiete kilitetemesha mbao zilizokuwa kichwani pake, na lile "nyamaza" lilimfika lote. Mtu aliyechekwa ulimi wake tangu utotoni hahitaji kuuliza anaambiwa nani. Akaacha kusoma. Alipopelekwa shule ya jirani kufanya mazoezi ya kufundisha, alisimama mbele ya darasa la tatu na sauti haikutoka kabisa.

Nakiete hakurudi chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Havijawa, akamkuta anakunja kanga na kuzipanga sandukuni.

"Hodi, Havijawa."

Havijawa hakuitikia karibu. Alisema polepole, akiyasukuma maneno, "Leo um-umekuja kuninyamazisha mlangoni?"

"Sikuwa nakugongea wewe, ndugu yangu. Naapa. Nilikuwa namgongea Tunsume kwa sababu ya redio."

Havijawa aliendelea kukunja. "Kila nilipofika kwenye neno gumu, u-uligonga. Nikadhani unalisubiri."

Nakiete aliniambia baadaye kwamba hakuna tusi lililowahi kumchoma kama maneno yale. Aliomba radhi, Havijawa akaitika kwa kichwa, lakini hakuacha kufungasha.

Ndipo Nakiete akaenda kwa Tunsume. Tangu wahamie mle hakuwahi kubisha mlango ule. Tunsume alifungua akiwa na kitana kichwani, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama.

"Ee! Leo umepita mlangoni?"

Nakiete akamwambia yote: hesabu, mtihani wa kurudia, baba yake, na Havijawa anayefungasha. Tunsume akaizima redio.

"Mbona hukusema unarudia mtihani? Mimi nilidhani una roho ya korosho tu. Ukigonga nilikuwa naongeza sauti makusudi, nikukomeshe." Akaweka kitana mezani. "Kumbe tulikuwa tunapigana, na anayeumia yuko chumba kingine."

Alitoka vilevile na nywele zake nusu, akaingia kwa Havijawa bila hodi, akakaa sakafuni.

"Chukua kitabu chako usome. Ukikwama tutangoja. Mimi sina haraka, nimesukwa upande mmoja tu."

Havijawa alikataa. Tunsume akakaa. Mwishowe, nadhani ili amwondoe tu, Havijawa alifungua kitabu akasoma mistari michache. Alikwama mara nyingi. Tunsume, ambaye hakuwahi kumwachia mtu amalize sentensi, aling'ata midomo akangoja.

Sanduku lilibaki wazi siku kadhaa, halijafungwa wala halijapakuliwa. Kisha siku moja tukaziona kanga zake zimeanikwa uani.

Toka hapo Havijawa alisomea chumbani kwa Tunsume, na redio ilisubiri mpaka amalize. Nakiete alimsikia kupitia mbao huku akifanya hesabu zake. Anasema mara nyingine sauti ilikatika katikati ya neno, na kalamu yake nayo ikasimama mpaka neno litoke.

Nakiete alifaulu kwa alama za kutosha na si zaidi. Tunsume hakupona kelele. Ila sasa zikizidi, mtu alikwenda kumbishia hodi, naye akapunguza, akamkaribisha akae. Havijawa alirudishwa mbele ya lile darasa la tatu, mkaguzi amekaa nyuma. Alikwama. Watoto wakaanza kucheka. Hakukimbia. Alingoja, kama alivyokuwa akingojewa, na neno lilipokuja akaendelea na somo lake.

Muhula wa mwisho aliingia msichana mgeni mwenye hasira za karibu. Jioni moja tumekaa uani tukamwona, kupitia dirisha lake lililo wazi, anainua ngumi agonge ukuta wa mwenzake. Havijawa ndiye aliyemwita. Alianza kusema, akakwama katikati, na hakuna hata mmoja wetu aliyemmalizia. Tukangoja mpaka aliposema yote mwenyewe:

"Mgonga ukuta husikika vyumba viwili."