Kaimu wa Kila Kitu

Mwaka ule kiangazi kilikuja kikasahau kuondoka. Nyasi zilikauka, mizizi ikakauka, na mto uliokuwa ukipita katikati ya bonde ukabaki mchanga mtupu. Hata Kinyonga aliacha kubadili rangi, maana kila alipokaa palikuwa kahawia. Wanyama walishinda wakitazama juu wakitafuta wingu, wakaambulia shingo kuuma.

Ngiri hakutazama juu. Ngiri ni mnyama wa kutazama chini, na akianza kuchimba haachi. Alikuwa na watoto wanne, na mdogo wao, Mashavu, alikuwa ameanza kulamba mawe. Basi Ngiri akaingia mtoni, akapiga magoti kama wafanyavyo ngiri wote, akachimba siku nne mfululizo kwa yale meno yake yaliyopinda. Siku ya tano maji yakatoka, machache lakini masafi.

Kabla furaha haijamwisha, Simba akashuka kutoka kilimani kwake, kifua mbele.

"Maji yaliyo katika nchi yangu ni yangu," alisema.

"Shikamoo, Mtukufu," alijibu Ngiri. "Nchi ni yako, hatubishi. Ila kisima tumechimba sisi wa bondeni. Tunaomba tuelewane."

Walibishana mpaka jua likapinda. Mwishowe Mzee Kobe, ambaye hakuna aliyejua umri wake, akawapatanisha. Alisema kilimani kuwe na Baraza la kutunga sheria na kupanga zamu za kunywa. Kisima kilindwe na wa bondeni wenyewe, na mlinzi anywe wa mwisho, ili ahakikishe maji yanamfikia kila mmoja. Na ugomvi ukitokea, aamue hakimu asiye wa Baraza wala wa kisimani. Wote wakakubali. Simba akaongoza Baraza, Ngiri akawa mlinzi, Kobe akawa hakimu. Fisi naye alikuwepo, lakini katika maneno yote yale alisikia "kisima" tu.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ngiri alikaa kando ya kisima tangu alfajiri, akiita zamu moja baada ya nyingine, na jioni alipokunywa na wanawe bado maji yalikuwa maji, si tope.

Shida ilianzia kilimani. Kanga alifika barazani na vifaranga kumi na watatu, akauliza kama wanahesabiwa mdomo mmoja au midomo kumi na mitatu. Akalisema jambo hilo asubuhi tatu, na kila asubuhi alilianza upya. Simba alikuwa amezoea kunguruma mara moja mambo yakaisha. Kusikiliza kulimtoa jasho.

"Mtukufu," Fisi alimnong'oneza, "mfalme mzima unahesabu vifaranga? Nenda kapumzike. Nitakushikia kwa muda tu."

Neno "mfalme mzima" lilimwingia Simba vizuri sana. Fisi akawa Kaimu Mkuu wa Baraza.

Wiki haijaisha, Mzee Kobe akapata habari kwamba mjukuu wake anaolewa ng'ambo ya mlima. "Naenda na kurudi," aliaga, na wanyama wakatazamana, kwa kuwa walijua mwendo wake. Fisi akamsindikiza hatua kadhaa, jambo lililomchukua nusu siku, na aliporudi alikuwa Kaimu Hakimu.

Ngiri aliyaona yote hayo, na hayakumpendeza. Lakini asubuhi moja Mashavu aliamka mwili unachemka, hataki kunyonya wala kusimama. Kulikuwa na majani ya dawa huko ukingoni mwa msitu. Kisima nacho hakiachwi peke yake.

"Nenda, Mama Ngiri," alisema Fisi, ambaye sijui alitokea wapi. "Mtoto ni mtoto. Mimi nipo."

Ngiri alijua anakosea. Alijua kabisa. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa anatetemeka.

"Siku moja tu," alisema.

"Siku moja tu," alisema Fisi, akimeza mate.

Mashavu alipata nafuu. Kesho yake Ngiri alirudi kisimani, akamkuta Fisi amelala kifudifudi ukingoni, kidevu kimelowa.

"Nimekuja kushika kazi yangu, Bwana Fisi."

"Karibu sana. Ila kubadili mlinzi ni jambo la Baraza. Mimi hapa mlinzi tu, sina uwezo huo. Peleka malalamiko kilimani."

Ngiri akapanda kilima. Fisi alipita njia ya mkato, na Ngiri alipofika alimkuta ameketi mahali pa Simba, anahema ulimi nje.

"Baraza limekusikia," alisema Fisi. "Na linasikitika mno. Lakini hili naona ni ugomvi kati yako na mlinzi. Ugomvi ni wa hakimu."

Ngiri akashuka mpaka penye jiwe ambalo Kobe huamulia mashauri. Fisi alikuwa amekwisha kulipanda.

"Nimemhoji mlinzi kwa kina," alisema Fisi, "na nimeridhika kwamba ni mlinzi mzuri. Shauri limefungwa. Una bahati mama, wengine husubiri miezi."

Kuanzia siku ile Fisi alikunywa asubuhi, akanywa mchana, na alipopita kisimani bila kiu alikunywa ili asije akaipata. Baraza lake lilitoa sheria kwamba familia ya Ngiri, ndiyo iliyozoea zamu ya mwisho, iendelee kuwa ya mwisho. Ngiri alipofika na wanawe jioni alikuta tope. Walilinyonya hivyo hivyo. Mashavu aliyekuwa ameanza kukimbia akarudi kukaa chini, macho yameingia ndani, na Ngiri alipomtazama aliona aibu kuliko hasira. Alikuwa amemtibu mtoto homa, akamtia kwenye kiu.

Akaenda kwa Sungura. Sungura alikuwa kivulini, naye midomo imempasuka, kwa hiyo safari hii alisikiliza bila kufanya mzaha.

"Umemwona kwa macho yako akinywa nje ya zamu?" aliuliza.

"Kila siku. Lakini nitamshitaki kwa nani? Kwake mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Sungura. "Kwake mwenyewe. Ila si faraghani. Kesho, wote wakiwepo. Wewe sema ulichoona tu, usiongeze chumvi. Simba niachie mimi."

Akapanda kilimani, akasema kwa sauti ya huruma, "Mtukufu, huko bondeni wanauliza kama bado upo hai. Nimewaambia naamini hivyo." Kesho yake Simba alikuwa wa kwanza kufika, mkia umesimama.

Wanyama walijaa penye jiwe, hatua chache tu kutoka kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa kimejaa maji ya asubuhi, na kila aliyekitazama alimeza mate makavu. Fisi alipanda jiwe, akakohoa.

"Nani analalamika?"

"Mimi Ngiri. Namlalamikia mlinzi wa kisima. Leo jua lilipochomoza ilikuwa zamu ya Kanga. Nimemwona mlinzi akinywa kabla yake, mpaka akavimba tumbo."

Fisi akashuka jiweni, akasimama mahali pa mshitakiwa. Akatulia kidogo, akapanda tena.

"Mahakama imemsikiliza mlinzi," alitangaza.

"Hajasema kitu!" alilia Kanga.

"Tunaelewana bila maneno. Mlinzi anakiri kwamba alikunywa. Lakini alikuwa na kiu. Jamani, kiu ni kosa? Hukumu yangu ni hii: mwenye kiu akinywa nje ya zamu hana hatia."

"Mheshimiwa," aliita Sungura, "wa nyuma hawakusikia."

Fisi, kichwa kimevimba, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Mwenye kiu akinywa nje ya zamu hana hatia!"

"Tunashukuru kwa hukumu nzuri," alisema Sungura, akawageukia wenzake. "Nani hapa ana kiu?"

Wote walianza kutembea kuelekea kisimani, Nyati mbele, na ardhi ikatikisika. Fisi aliruka kutoka jiweni, akakimbia mpaka ukingoni, akatandaza miguu.

"Rudini! Mimi ni mlinzi! Si zamu yenu!"

"Hakimu amekwisha sema," alijibu Ngiri. "Tuna kiu."

Fisi akaona pua ya Nyati inameremeta maji, akapandwa na wazimu. "Basi sasa nasema kama Baraza! Sheria mpya! Yeyote aliyekunywa nje ya zamu tangu jua lilipochomoza leo, awe na kiu asiwe na kiu, atoke bonde hili mpaka mvua inyeshe! Kuanzia na wewe, Nyati, umelowa pua!"

"Sijagusa tone," alisema Nyati kwa upole. "Pua yangu iko hivi tangu nizaliwe."

Ngiri si mwepesi wa maneno, na alilifikiria lile neno polepole, kama anavyochimba. Kisha akauliza, "Tangu jua lilipochomoza?"

"Ndiyo!"

"Awe na kiu asiwe na kiu?"

"Nimesema ndiyo!"

"Hakimu ametuambia sasa hivi, tena mara mbili, kwamba mlinzi alikunywa. Na mlinzi ni wewe."

Fisi alitafuta mlango wa kutokea, akakuta kila mlango amesimama yeye mwenyewe.

Simba alisimama. Hakupenda sheria itungwe mbele yake bila yeye kuulizwa. "Nani alimpa huyu ruhusa ya kutunga sheria?" alinguruma.

"Wewe, Mtukufu," alisema Kanga.

Simba akatazama kando. "Kwa muda tu," alisema chinichini.

"Na kisima nilimpa mimi," alisema Ngiri, machozi yakimlenga. "Kwa siku moja. Usione aibu peke yako, Mtukufu."

Simba alipoona aibu imegawanywa, akapata nguvu ya kunguruma tena. "Mlinzi! Mtoe huyu bondeni!"

Wote wakageuka kumtafuta mlinzi. Hata Fisi aligeuka, kisha akakumbuka. Ikabidi Nyati ainamishe pembe na kumsindikiza, na Fisi akaenda zake kwenye jua kali, tumbo lake lililojaa likimpigapiga magotini.

Siku ile zamu zilifuatwa mpaka jioni, na maji yakafika mwisho wa mstari. Mashavu alikunywa, akapumzika, akanywa tena, akaingia na miguu yote minne akafokewa na mama yake, ambaye alikuwa akicheka.

Simba alirudi kilimani kusikiliza habari za vifaranga, akikunja uso. Lilibaki jiwe la hakimu, maana Mzee Kobe, kwa hesabu ya Nyati, alikuwa hajafika hata harusini.

Sungura akasogea karibu na Ngiri, masikio yamelala kwa unyenyekevu.

"Dada Ngiri, wewe una watoto, kazi ya ulinzi inachosha. Simba hapendi kukaa barazani, wote tunajua. Na jiwe lile liko wazi. Mimi sina makuu, lakini ningeweza kuwashikia yote hayo. Kwa muda tu."

Ngiri akamtazama. Alimpenda Sungura, na bila yeye mwanawe asingekuwa amesimama pale. Wanyama walisubiri atakachosema, na wengine walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa kukubali, kwa kuwa ni kweli Sungura ana akili kuliko wote.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema Ngiri. "Kesho tutakaa tuchague hakimu. Sasa rudi kwenye mstari. Zamu yako ni baada ya Kanga na wanawe."

"Wote kumi na watatu?"

"Wote kumi na watatu," alisema Ngiri, akaketi kando ya kisima.