Nyuzi za Mwanga Ghalani

Usilolijua ni usiku wa giza. Wahenga walimaanisha kwamba mtu aweza kuwa na macho mazima na taa mkononi, na bado apapase kama kipofu.

Philipo wa Ikungi alikuwa fundi redio. Kwa miaka mitatu alikusanya deki mbovu za kuchezea CD, akang'oa vimacho vyake vya mwanga mwekundu, akavifunga kwa waya na vipande vya vioo juu kwenye kuta za ghala la kanisa. Akiviwasha, mwanga ulikatiza hewani kama nyuzi za mfumaji. Mkewe, Emiliana, alikuwa amechoka kama punda wa maji, maana shamba la alizeti alililima peke yake.

Jioni moja wazee wa kanisa walikuwa waje kutazama. Wakipendezwa, kazi ingebaki. Wasipopendezwa, ghala lingejazwa magunia na Philipo angeng'oa kila kitu.

Emiliana hakutaka aibu. Mgeni hapokelewi kwenye vumbi. Alinyunyiza maji, akafagia, akanyunyiza tena mpaka sakafu ya udongo ikanukia kama mvua ya kwanza.

Wazee wakaingia. Philipo akabonyeza swichi. Zikaonekana nukta nyekundu ukutani, basi.

"Fundi, ghala limeugua surua?" akauliza Mzee Laurenti. Watu wakaangua kicheko.

Philipo akashika waya huu, akashika ule. "Jana nyuzi zilikuwepo, mzee. Mungu ni shahidi."

"Za jana zimekwenda na jana. Leteni magunia!"

Emiliana akainamisha kichwa. Hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Gunia la kwanza la alizeti likabwagwa chini, puu! Vumbi na makapi vikapanda hadi darini. Humo vumbini nyuzi nyekundu zikajitokeza, moja baada ya nyingine, zikapita juu ya vichwa vyao. Mzee Laurenti akavua kofia, kama aingiaye ibadani.

"Nani alinyunyiza maji humu?" Philipo akauliza polepole.

"Mimi. Ulitaka wazee wakae kwenye vumbi?"

"Kumbe vumbi ndilo linaloonyesha mwanga. Hata mimi sikujua."

"Miaka yote hiyo, mume wangu, hukujua?"

Mzee Laurenti akakohoa. "Toeni gunia. Vumbi liacheni."

Emiliana akaketi juu ya ndoo aliyotekea maji, akafumba macho. Yeye alifagia kwa upendo, mumewe alifunga waya kwa ustadi, na wote wawili walikuwa gizani katikati ya mwanga. Hakika, usilolijua ni usiku wa giza.