Nafasi ya Mpwa wa Kocha

Kocha Mwinjuma wa timu ya taifa ya kriketi hakuwa mtu wa kubembeleza. Jioni ya mazoezi ya mwisho alimwita nahodha wake, Sekiete, akamwambia, "Kesho mtoe Rajani. Anaingia Haidari, mpwa wangu."

"Rajani? Mpigaji wetu hodari kuliko wote?"

"Ukibisha, unahodha uusahau."

"Nani kabisha, kocha?" Sekiete alicheka. "Ila mtoto wa dada yako tusimtupe kule ukingoni mwa uwanja, watu wasimwone. Nitamsimamisha puani kabisa kwa mpigaji wa wapinzani, adake mipira. Kamera zote huwa zinaangalia pale."

Kocha alifurahi hadi akampigapiga nahodha begani. "Leo umetumia akili! Mfundishe vizuri." Akaenda zake kumpigia dada yake simu, aualike ukoo mzima uje uwanjani.

Asubuhi, ukoo umeshajaa jukwaani na vigelegele vimepamba moto, Haidari akaja akichechemea.

"Mjomba, sichezi. Goti linaniuma."

"Goti lipi?"

"Yote mawili."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Rajani akarudishwa kikosini, na kocha akamvuta Sekiete pembeni, macho yamemtoka. "Umemfanya nini mpwa wangu?"

"Nimemfundisha, kocha, kama ulivyosema. Nilimsimamisha pale pale puani, nikamtafutia mtu wa kumpigia ile mipira yetu migumu kama mawe."

"Mtu gani?"

"Rajani. Ila kwanza nilimwambia ni nani anayechukua nafasi yake."