Asile Mtu Mpaka Baba Arudi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kama mliolala bila kula? Wewe shemeji hapo nyuma, umesinzia? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na wanadamu wakinusa tu, alikuwapo Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, anakaa mwambani. Bi Pimbi alikuwa na nyumba nzuri ndani ya ufa wa jiwe. Alikuwa na watoto tele, na kitindamimba wao aliitwa Kidonge. Mume hakuwa naye. Masika yaliyopita tai alishuka, vuup! akaondoka na baba watoto. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na baba.

Fisi akasikia. Fisi husikia upesi mambo kama hayo. Akaja, puku, puku, puku, akasimama mlangoni.

"Bi Pimbi! Nyumba hii nimeipenda."

"Ni yangu mimi na wanangu."

"Basi kesho jua likisimama utosini tutapigana mieleka, wanyama wote wakitazama. Ukiniangusha, kaa. Nikikuangusha, hama."

Akacheka kicheko chake, akaenda zake.

Masikini Bi Pimbi! Akajitazama mikono. Vijiti vitupu. Akalia, maana hakuwa na pa kuwapeleka wanawe.

"Usilie, dada," akasema Kasuku kutoka mtini. Kasuku huyu alikaa miaka mingi mjini, ndani ya tundu, dirishani pa jiko la Mama Shabani. "Kule mjini wenye mikono kama yako hula chapati za maji. Si hizi za maji na unga tu. Zile zenye mayai, maziwa na unga wa dengu. Zina protini."

"Protini ndiyo nani?"

"Simjui kwa sura. Lakini anajenga mwili."

"Na wewe unajua zinavyopikwa?"

"Neno kwa neno!"

Hapo ndipo wendawazimu ulipoanza. Maana kasuku, ndugu zangu, hachagui maneno. Alilolisikia ndilo analolitoa, lote, pamoja na makapi yake.

Asubuhi Kanga, yule ndege wa madoadoa, akaleta mayai. Mbuzi akaja na maziwa. Panya akaleta unga wa dengu, wala msiniulize aliutoa wapi. Kigae kikawekwa motoni. Kasuku akakohoa, akaanza kwa sauti ya Mama Shabani:

"Vunja mayai kwenye bakuli!"

Wakavunja. Ta! Ta! Ta!

"Mimina maziwa!"

Wakamimina.

"Wewe Shabani, shuka mezani!"

Wakatazamana.

"Shabani ndiye nani?" akauliza Bi Pimbi.

"Sijui," akasema Kasuku. "Lakini bila yeye hazijawahi kuiva."

Basi Kidonge akafanywa Shabani. Akapandishwa juu ya jiwe, akaambiwa shuka, akashuka.

"Tia unga wa dengu! Koroga!"

Wakakoroga, boro, boro, boro.

"Paka huyo! Toka! Shii!"

Paka hawakuwa naye. Wa karibu alikuwa Chui, na Chui hakuna aliyetaka kumwita. Kanga akajitolea. "Nyau," akasema, uso mkavu kabisa. Wakamkimbiza kwa mwiko mpaka kichakani. Akarudi anahema, manyoya yamekwenda upande.

"Chumvi kidogo! Hodi? Hayupo huyo, rudi kesho!"

Mbuzi akatolewa nje. Akabisha, "Hodi?" Wakamjibu, "Hayupo huyo, rudi kesho!" Sasa Mbuzi ni mtu wa kushika neno. "Haya, nitarudi kesho," akasema, akaenda kwao na maziwa yaliyobaki.

"Mafuta kidogo! Mwaga, tandaza!"

Tshwaaa!

"Geuza! Ee Mungu wangu, nimeungua!"

Nani ataungua? Bi Pimbi akawatazama wanawe. Akaitazama nyumba yao. Akanyoosha mguu, akaugusisha kwenye kigae. Tss! "Ee Mungu wangu, nimeungua!" Machozi yakamtoka. Na kila chapati ilipogeuzwa aliungua tena, maana ndivyo zinavyopikwa.

Zikaiva. Nene, za manjano, harufu imetanda mwamba mzima. Watoto mate yakawajaa. Kasuku akamalizia:

"Pakua! Na asile mtu mpaka baba arudi!"

Hapo hakucheka mtu. Mwiko ukamponyoka Bi Pimbi. Kuungua aliweza. Kumkimbiza Kanga aliweza. Baba angemtoa wapi?

Kidonge akaketi mbele ya sahani. "Basi tumsubiri," akasema.

Wakasubiri. Jua likapanda. Wanyama wakaanza kufika kutazama mieleka, Nyati akiwa mbele. Chapati zikaanza kupoa. Na mikono ya Bi Pimbi bado ilikuwa vijiti vile vile.

Puku, puku, puku. Fisi huyo! Pua mbele, mate do, do, do.

"Chapati hizi mbona haziliwi?"

"Tunamsubiri baba," akasema Kidonge. "Asile mtu mpaka baba arudi."

"Na akirudi zinaliwa?"

"Zinaliwa."

"Na yeye hula wa kwanza?"

"Baba ndiye wa kwanza."

Fisi hakufikiri. Fisi na fikra hawalali nyumba moja. Akapanda juu ya lile jiwe la Shabani, akapaza sauti wote wasikie:

"Basi nimerudi! Mimi ndiye baba wa nyumba hii!"

Akaivamia sahani. Nyamu! Nyamu! Watoto nao, "Baba karudi! Baba karudi!" wakaivamia. Bi Pimbi peke yake hakuonja hata kipande.

Jua likasimama utosini. Fisi akajifuta mdomo, akajinyoosha, kra! Huyo protini alikuwa ameshamwingia. "Haya, Bi Pimbi, njoo nikuangushe, uhame na vitoto vyako."

Bi Pimbi akachechemea mpaka katikati ya uwanja. Akamtazama Fisi usoni, akasema kwa upole:

"Baba Kidonge, wanao unawafukuza waende wapi?"

"Lahaula!" akapiga kelele Kanga. "Baba anafukuza wanawe na chapati bado iko mdomoni!"

"Mimi si baba yao!" akasema Fisi.

"Kumbe umekula chakula cha baba wa watu," akasema Nyati, akiinamisha pembe. "Basi wewe ni mwizi. Na dawa ya mwizi tunayo."

Fisi akazitazama pembe. Akaitazama sahani tupu. Akamtazama Kidonge, ambaye alikuwa ameshampanda mgongoni.

"Mimi," akasema polepole, "ni baba."

"Baba, nibebe!" "Baba, upepo unaingia mlangoni!" "Baba, nina kiu!" Wakampanda wote, wakarundikana nyuma kiunoni, mpaka mgongo ukainama. Mtazameni fisi hadi leo, nyuma kumeshuka.

Jioni tai akazunguka juu ya mwamba. Akachungulia chini, akamwona Fisi amelala mlangoni, meno nje. Akaenda zake.

Asubuhi yake, "Hodi!" Alikuwa Mbuzi, na maziwa yake. "Nimerudi kama nilivyoambiwa. Je, yupo?"

Bi Pimbi akageuka kutazama mlangoni. Watoto walikuwa wakimvuta Fisi masikio, na Fisi amenuna, lakini haondoki.

"Yupo," akasema Bi Pimbi. "Leo yupo. Karibu."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: anayekula kwa jina la baba, na alee kwa jina la baba. Hadithi yangu imeishia hapo, mezani. Kigae bado kina moto. Mwenye mayai na alete, na wewe Shabani, shuka!