Utepe wa Mto Nambeche

Utepe hauvushi mto.

Methali hii ilianza hivi, na ninyi mliokuwa mkiicheka pale kwenye kikao cha wafuga nyuki, sogezeni vigoda na mwache kwanza hizo simu. Mwenyekiti wenu kaitamka kama mtu anayepiga chafya, nanyi mkaangua kicheko msijue mnacheka nini. Haikutoka kitabuni, wala hatukuletewa na watu wa pwani. Imezaliwa hapa hapa Litowelo, ukingoni mwa Nambeche, na baadhi ya waliokuwepo siku hiyo bado tunasalimiana nao sokoni.

Wakati huo hapakuwa na daraja. Kiangazi watu walivuka kwa mawe, wanaume wamekunja suruali na wanawake wamejitwisha viatu. Mvua zikianza, Nambeche haukuwa tena mto wa kuchezea. Na zahanati, mnajua ilipo, ilikuwa ng'ambo, kama ilivyo hadi leo.

Upande wetu huu aliishi mama mmoja mjane, Skolastika Kapinga, ambaye wote tulimwita Mama Gaude kwa jina la binti yake, Gaudensia. Mama huyu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na kahawa yake, na mbuzi wake, na mguu mmoja uliomsumbua wakati wa baridi. Masika yaliyotangulia, Gaude alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza mto ukiwa umefurika. Walimfikisha ukingoni wakangoja maji yapungue. Maji hayakupungua, na mtoto alizaliwa hana pumzi. Mama Gaude alimzika mjukuu wake kwa mikono yake, akarudi kupalilia kahawa bila kumlaumu mtu. Sasa Gaude alikuwa mjamzito tena, na kila mwenye kuhesabu aliona kwamba mtoto angekuja na mvua.

Basi kiangazi kile ndipo walipojikusanya watu wa kujitolea kujenga daraja la miti na nyaya. Hawakuwa na mshahara wala posho, walikuwa na nia tu. Mwenyekiti wao alikuwa Otmar Ndunguru. Ah, Otmar! Ninyi hamkumwona ujanani. Alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka kilima kwa kilima, na moyo mkubwa, na udhaifu mmoja tu: alipenda shughuli. Harusi bila Otmar kushika kipaza sauti haikuwa harusi. Hata msibani alipewa nafasi ya kusema, na watu walilia vizuri.

Akaja mama mmoja wa shirika linalosaidia vikundi vidogo kama hicho. Akautazama mto, akawasikiliza, akawapa ruzuku ndogo. Akawaambia wazi: "Hii ni mbegu. Inatosha nyaya, misumari na ujira wa fundi. Miti na mikono ni vya kwenu." Akaaga, akaenda zake.

Kilichofuata kilifanywa na watu wazima wenye akili timamu, kwa hiyo msijione ninyi ni wajanja sana. Otmar aliitisha kikao akasema kwamba kazi kubwa namna hii haianzi kimyakimya. Lazima pafanyike uzinduzi. Aalikwe mgeni rasmi kutoka mjini, mtu mzito, aje auone mto kwa macho yake.

"Akija ataguswa," alisema, "na akiguswa ataahidi. Mbegu hii tukiipanda kwa mkubwa, itatuzalia daraja la zege."

Watu wakapiga makofi. Mama Gaude akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mgeni na mvua, nani atatangulia kufika?"

"Mama Gaude, una haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki," Otmar akamjibu kwa utani, na watu wakacheka. Naye akatabasamu kidogo, akakaa. Tangu siku hiyo alijilaumu kwamba alikaa mapema mno.

Lakini msiwahukumu wale watu. Litowelo hakujawahi kuja mgeni rasmi. Magari yote makubwa yalitupita kule barabarani na kutuachia vumbi. Walitamani kuonwa, basi, hata kwa siku moja.

Na siku yenyewe ilipendeza, sitawadanganya. Hema lilikodiwa mjini, na viti vya plastiki, na muziki wa jenereta. Wanakikundi walivaa fulana za njano zilizoandikwa "Daraja Letu". Ngoma ya mganda ilipigwa, wanaume wamevaa meupe, na kina mama wakacheza kioda hadi kanga zikalowa jasho. Mbuzi walichinjwa, wali ukapikwa kwenye masufuria ya kanisani. Mama Gaude naye alikula, na wali ulikuwa mtamu. Pale ukingoni, kati ya nguzo mbili, ulifungwa utepe mwekundu mpana, na nyuma ya utepe hapakuwa na kitu ila mto.

Mgeni rasmi akaukata. Akasema daraja hili amelibeba moyoni mwake. Akasema atatoa nyaya, atatoa saruji, atatoa na mhandisi. Akala, akanywa soda, akapanda gari. Ahadi ni deni, lakini mdeni yule hatukumwona tena. Otmar alimfuata ofisini kwake mara nyingi, na kila akifika aliambiwa mkubwa yuko safarini. Fedha ya ruzuku, walipotazama kilichobaki baada ya sherehe, ilitosha misumari tu.

Mvua zikaanza kabla ya wakati wake.

Gaude alishikwa na uchungu asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha. Walimtia kwenye machela ya miti na blanketi, wakashuka naye mtoni wakiteleza. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Wanaume wawili walijaribu kuingia, maji yakawafika kifuani kabla hawajapiga hatua za maana, wakavutwa nyuma. Hapakuwa na kuvuka.

Kina mama walipiga yowe, na ng'ambo ya pili akatokea nesi wa zahanati, Perpetua Hyera, amejifunika kipande cha nailoni. Akasimama ukingoni kule. Alikuwa karibu kiasi cha kumwona uso, lakini kwa ngurumo ile ya maji hata angepiga kelele asingesikika.

Otmar naye alifika anahema, amevaa ile fulana ya njano. Zile nguzo mbili bado zilikuwepo, na vipande vya utepe vinachapwa na mvua. Mama Gaude alikuwa amepiga magoti matopeni, kichwa cha binti yake mapajani. Alimtazama mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza hakumwita mwenyekiti.

"Otmar," alisema polepole, "niletee utepe wako tumvushe nao mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Otmar akavigeukia vile vipande vya utepe. Machozi yalimtoka waziwazi, mbele ya wanawake.

Mtoto akaja pale pale, chini ya kanga zilizoshikiliwa na kina mama. Wa kike, analia. Lakini damu ya Gaude haikukatika. Mama Gaude alikuwa amezalisha wengine, akaijua damu ya kawaida, na hii haikuwa hiyo. Midomo ya binti ikaanza kuwa myeupe. Akainua macho kumtafuta nesi, na kila alipoinua macho mikono yake ikapoteza kazi.

Ndipo Otmar akasogea. Mnajua kwetu mwanaume hakaribii mahali kama pale. Akageuka, akampa Gaude mgongo, akakabili mto.

"Mama Gaude, wewe mtazame mtoto wako," akasema. "Mimi namtazama nesi. Nitakwambia kila anachofanya."

Nesi Hyera aliona, akaelewa. Akatupa ile nailoni, akaanza kuonyesha kwa mwili wake mwenyewe, mvuani, kama mtu anayecheza ngoma peke yake.

"Anasugua tumbo," Otmar akapaza. "Chini ya kitovu. Kwa nguvu, Mama Gaude, anasugua kwa nguvu."

"Nasugua."

"Anaonyesha titi. Anaonyesha kama amebeba mtoto. Mpe mtoto anyonye."

Wakamweka mtoto kifuani.

"Haachi kusugua. Anakutikisia kichwa. Usiache."

"Sijaacha, Otmar. Mkono umekufa ganzi."

"Mwingine ashike. Usiache."

Wakapokezana, mama huyu na yule, na sauti ile iliyozoea kuita maharusi ikaendelea juu ya ngurumo ya mto bila kuchoka, naye hakugeuka nyuma hata mara moja. Kisha Mama Gaude akasema, "Imepungua." Akahakikisha. Akasema tena, "Otmar, mwambie imepungua." Otmar akainua mikono yote miwili juu, na nesi kule ng'ambo akakaa chini matopeni.

Gaude alipona, na mtoto akaitwa Perpetua.

Mvua zilipoisha, yule mama wa shirika alikuja kutazama daraja. Wengine walitaka kumweleza hadithi ndefu. Otmar akawanyamazisha. "Mama," akasema, "mbegu uliyotupa tuliila." Yule mama akamshukuru kwa kusema kweli, akasema hana nyingine ya kuwapa.

Mwaka ule Otmar alikuwa anangoja kahawa yake aezeke nyumba kwa bati. Kahawa ikauzwa, ikawa nyaya. Nyumba ikabaki na nyasi zake. Hakumwambia mtu, lakini nyaya zile nzito zilikuja mabegani mwa watu, nani asingejua? Basi na wengine wakaona haya, huyu akatoa miti, yule akamlisha fundi.

Hee, siku zile! Kazi ilikwenda kwa ngokela, leo kwako kesho kwangu, keshokutwa mtoni. Togwa ilikuja kwa ndoo, kina mama wakibeba mawe kwa wimbo, na harufu ya maua ya kahawa ikishuka kutoka mashambani. Sasa mnavuka daraja la zege kwa pikipiki, hamtazami hata maji. Mimi natamani kusikia tena zile mbao zikilia chini ya miguu.

Daraja likaisha. Mjini wakasikia, akatumwa mtu kuuliza mgeni rasmi apangiwe tarehe gani. Otmar akamjibu kwa heshima: "Mwambie mkubwa njia iko wazi. Aje avuke kama sisi."

Asubuhi ya kuvuka walikusanyika wachache tu, na majembe yao, maana ilikuwa siku ya kazi. Hapakuwa na hema, wala fulana. Gaude alisimama mbele, mtoto mgongoni, na Mama Gaude nyuma yake na mguu wake mbovu. Watu wakamgeukia Otmar. Walimjua. Walijua hotuba inakuja, na kusema kweli waliitamani, maana walikuwa hawajaisikia sauti ile ikihutubia tangu siku ile ya mvua.

Otmar akavua kofia. Akakohoa kidogo. Akamtazama Mama Gaude, akamtazama mtoto, akautazama mto unaopita chini ya mbao.

"Utepe hauvushi mto," akasema. "Piteni."

Wakapita.